Nyumba 14 za kujengwa nusu kwa nusu: shajara ya mradi, Malindi

Shajara hii ni ya kamati ya ujenzi. Tunaandika vipimo, idadi na makosa ili kikundi kingine cha Pwani kisirudie yaleyale. Bei hatuziweki: saruji hupanda na kushuka kila mwezi, lakini idadi ya mifuko inabaki palepale. Awamu ya kwanza ni nyumba 4 kati ya 14.

Novemba: karatasi

Kiwanja ni ekari moja, magharibi mwa mji, upande wa Ganda. Juu kuna udongo mwekundu wa kichanga. Chini yake, kati ya sentimita 60 na mita moja na nusu, unagonga jabali la matumbawe.

Miezi mingi imekwisha bila mwiko kuguswa, na watu wananung'unika. Lakini hapa ndipo nyumba ya bei nafuu inaposhinda au kushindwa. Malindi, kama Mombasa, imezoea nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha mwingine, nyumba ni yako, na kila mwezi unampelekea mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Mwenye kiwanja hukubali fito na udongo. Mawe hayataki, kwa sababu aliyejenga kwa mawe haondoki kwa urahisi. Basi familia inakandika ukuta uleule kila masika yakiisha, na baada ya miaka kadhaa udongo, fito na vibarua vimekula fedha ya nyumba ya tofali. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ina mchango wake: iliwataka watu wa ukanda wa pwani wadai ardhi zao ziandikwe, na isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya kikoloni. Wajukuu wa wasiodai ndio leo wanaoitwa maskwota.

Mfano tulioufuata ni wa mtaa wa Tanzania-Bondeni kule Voi, uliobuniwa miaka ya 1990: ardhi ni ya jumuiya nzima kwa hati moja, mkazi anamiliki nyumba na ana mkataba wa kukaa kwenye kiwanja chake. Anayetaka kuondoka analiuzia kundi kwanza, kwa thamani ya nyumba bila kuhesabu kupanda kwa bei ya ardhi. Kipengele hicho kilibishaniwa kuliko vyote. Bila hicho, baada ya miaka kumi viwanja vyote 14 vingekuwa vya matajiri wawili.

Hatua zilikwenda hivi: kukagua rejista kwenye ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi, mkataba wa mauzo, kisha ombi kwa Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, kwa kuwa ni ardhi ya kilimo. Ombi hilo lazima liingie ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi, la sivyo mkataba ni batili. Baada ya hapo ndipo kuomba kubadilisha matumizi kutoka kilimo hadi makazi. Viwanja ni vya futi 40 kwa 50, ambavyo kwa pamoja vinachukua karibu asilimia 64 ya ekari. Iliyobaki ni njia, vyoo, tangi na uwanja wa kufyatulia matofali.

Desemba: ramani na michango

Ramani imetoka kwenye nyumba ya Kiswahili ya Majengo: ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uwani nyuma. Tofauti ni kwamba tunajenga upande mmoja tu wa ukumbi. Vyumba viwili vya mita 3 kwa 3, kila kimoja na mlango wake unaofungukia mahali ambapo ukumbi utakuja. Ukuta wa upande wa ukumbi una kimo cha mita 3.1, wa nje mita 2.3, na paa linateremka upande mmoja. Mwenye nyumba akipata uwezo, anaongeza ukumbi wa mita moja na nusu na vyumba viwili vingine, paa la pili linaegemea la kwanza, na nyumba inakuwa na mgongo. Hakuna kinachobomolewa.

Ukuta mrefu, ule wa mita 3.1, tumeugeuza kaskazini. Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu zaidi, unakutana na upande mfupi na kuteleza juu ya bati. Ukigeuza kinyume, upepo unaingia chini ya ukingo wa juu na kulinyanyua paa.

Michango haiendi sawasawa mwaka mzima. Wavuvi, vibarua wa hoteli, kina mama wa samaki na waendesha boda hawana hati ya mshahara, kwa hiyo mpango wa kitaifa wa nyumba unaoendeshwa kwa ada ya asilimia 1.5 ya mshahara hauwafikii kirahisi. Pia hawawezi kulipa kiasi kilekile kila mwezi. Desemba hadi Machi, bahari imetulia na wageni wapo: mchango mara mbili. Mei hadi Julai, kusi imechafuka: nusu, au siku mbili za kazi kiwanjani badala ya fedha. Mradi unaodai kiwango kimoja mwezi wa Juni unajitafutia madeni.

Januari: udongo na matofali

Tumechagua tofali la udongo lililotiwa saruji na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, sentimita 29 kwa 14 kwa 10. Haliingii tanuri, kwa hiyo halili kuni. Jiwe la timbo ni zuri, na bado tunalitumia kwenye msingi, lakini gharama yake kubwa ni lori.

Udongo hupimwa kwanza. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, hupakwa mafuta ndani, likajazwa udongo uliolowa hadi kuwa kama uji mzito, likawekwa kivulini siku saba. Udongo ukikauka husinyaa, na ule mwanya ndio unaosema saruji itiwe kiasi gani. Mwanya chini ya milimita 12: saruji 1 kwa udongo 18. Kati ya 12 na 24: 1 kwa 16. Kati ya 24 na 39: 1 kwa 14. Hadi 50: 1 kwa 12. Zaidi ya hapo, acha udongo huo au uchanganye na mchanga upime tena.

Udongo mwekundu wa juu ya kiwanja ulitoa mwanya wa milimita 14. Ule mweusi wa bondeni, ambao mafundi waliupenda kwa kuwa unafinyangika vizuri, ulitoa 41. Unaofinyangika vizuri ni wa mfinyanzi. Kwa tofali unapasuka. Tumebaki na mwekundu, 1 kwa 16.

Kwa vipimo vya kiwanjani: mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo unakwenda na madebe 28 ya udongo uliochekechwa kwa waya wa matundu ya milimita 5. Unatoa matofali 85 hadi 90. Nyumba moja inahitaji takriban 1,520. Tunafyatua 1,600 kwa ajili ya yatakayovunjika. Hiyo ni mifuko 18. Watu sita na mashine moja hufikisha 350 kwa siku: wawili wanachekecha, wawili wanachanganya, mmoja anajaza kisanduku, mmoja anavuta mkono wa mashine. Yule anayejaza ndiye fundi hasa. Akijaza pungufu, tofali linatoka na umbo zuri lakini ndani ni jepesi na laini. Tunapima kimo cha tofali moja katika kila kumi. Likitofautiana kwa zaidi ya milimita 2, linarudi kwenye rundo papo hapo kabla saruji haijashika.

Maji: finya konzi ya mchanganyiko, nyoosha mkono usawa wa kifua, iachie ianguke kwenye sakafu ngumu. Ikivunjika vipande vinne au vitano, sawa. Ikisambaratika, ni kavu. Ikibaki bonge moja, imezidi maji.

Hasara ya mwezi ni matofali 160. Yalimomonyoka pembe kwa kukwaruzwa kidole. Sababu haikuwa saruji kidogo. Kila mara mfuko mzima ulichanganywa kwa pamoja, jua la saa saba, na rundo la mwisho likaingia mashineni zaidi ya saa moja baada ya maji kumwagwa. Saruji ilikuwa imeanza kushika ndani ya rundo, kisha mashine ikaivunja. Tangu hapo tunachanganya nusu mfuko, madebe 14, chini ya kibanda cha makuti, na rundo liishe ndani ya dakika 40.

Kukomaza: matofali hayapangwi juu ya mengine siku ya kwanza. Yanafunikwa kwa nailoni, yananyunyiziwa asubuhi na jioni kwa siku saba, kisha yanapangwa ngazi tano yakiwa bado yamefunikwa, hadi siku 28. Wiki ya mwisho ya Januari upepo wa kaskazi ulifunua safu mbili usiku, na safu hizo zilipata nyufa ndogo za juu. Tumezitenga kwa kuta za choo. Nailoni huzuiwa kwa mawe pembezoni, tena mengi kuliko unavyodhani.

Februari: msingi, mchanga na chumvi

Mitaro ina upana wa sentimita 45. Palipo na jabali tunasimama jabalini. Pasipo nalo tunashuka sentimita 60. Zege la chini ni la unene wa sentimita 15, saruji 1, mchanga 3, kokoto 6. Jumla ya urefu wa kuta ni karibu mita 22, hivyo zege ni mita za ujazo 1.5, mifuko 7. Juu yake mawe ya timbo hadi sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi, mifuko 4 ya saruji kwa udongo wa kujengea.

Chumvi ndiyo adui wa mji huu, na huingia kwa milango mitatu: mchanga, maji, na ardhi yenyewe.

Mchanga wa ufuoni haukubaliki, hata ukiwa wa bure, hata ukioshwa. Mchanga wa mto Sabaki hauna chumvi ya bahari ukichotwa juu vya kutosha, lakini una tope. Anayeiona bahari ya Malindi inavyobadilika rangi mto ukifurika anajua. Jaza chupa inayoonyesha ndani nusu kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache saa tatu. Tope litatulia juu ya mchanga. Likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori hilo lirudi. Lori la kwanza: mchanga sentimita 10, tope 1.1. Lilirudi, baada ya maneno mengi na dereva. La pili lilikuwa na 0.6.

Maji ya kisima cha jirani yana ladha ya chumvi. Hayatumiki kabisa kwenye zege lenye nondo. Tofali lisilo na chuma lingeweza kushika hata kwa maji hayo, ila chumvi ikikauka husukuma ngozi ya ukuta na kuutia unga mweupe, kwa hiyo huko nako tumeyakataa. Kuta za magofu ya Gede zimesimama karne nyingi kwa matumbawe na chokaa, na mtu huuliza kwa nini sisi tunaogopa chumvi hivi. Mle hamna nondo. Chuma kikipata kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani.

Mlango wa tatu ni ardhi. Juu ya mawe ya msingi, kabla ya tofali la kwanza, kuna nailoni nene ya kuzuia unyevu, imelazwa juu ya plasta laini na kupishana sentimita 15 kwenye maungio. Kwenye nyumba ya pili fundi aliikatisha nailoni kwenye vizingiti vya milango, akisema mlango hauna ukuta wa kulinda. Unyevu ulipanda kupitia kizingiti na kuingia pembeni mwa nailoni. Ndani ya wiki mbili tofali za chini zilikuwa na alama nyeusi kimo cha kiganja. Tuling'oa vizingiti viwili na kuunganisha. Kazi ya siku moja na nusu. Ingesubiri hadi milango ifungwe, ingekuwa ya wiki.

Machi: kuta na mkanda wa zege

Udongo wa kujengea tofali hizi haufai kuwa mgumu kuliko tofali lenyewe: saruji 1, mchanga 4, udongo mwekundu uliochekechwa 2. Ukiwa mgumu mno, ufa hupita katikati ya tofali badala ya kwenye kiungo, na ufa wa kiungo huzibika kwa urahisi. Tofali huloweshwa kidogo kabla ya kulazwa. Mifuko 5 kwa nyumba. Kuta zilipanda haraka, ngazi nane kwa siku, hakuna la kusimulia.

Mkanda wa zege unazunguka kuta zote kwa kimo cha mita 2.1, juu ya milango na madirisha, kina sentimita 15. Ndio linta, na ndio unaozifunga kuta zenye unene wa sentimita 14 tu zisifunguke pembeni. Saruji 1, mchanga 2, kokoto 4: mifuko 3. Nondo nne za milimita 8 na ringi, yaani fremu ndogo za chuma zinazozishika nondo pamoja, za milimita 6 kila sentimita 20, ringi 110 kwa nyumba.

Hapa tulipoteza siku tisa. Karibu na bahari, nondo inataka kufunikwa na zege la sentimita 4 kila upande. Ukuta wa 14, toa 4 na 4, zinabaki 6. Kina cha 15, toa 4 na 4, zinabaki 7. Ringi basi ni ya 6 kwa 7. Mkunjaji alizoea ringi za bara na akakunja za 10 kwa 11, zote 440. Ziliwekwa kwenye nyumba ya kwanza, zikaonekana imara, na zingemwagiwa zege kama mtu asingepitisha rula: sentimita 2 tu za kufunika. Zege la namna hiyo hapa hupasuka mapema. Zilikunjwa upya. Sasa kiolezo cha mbao cha 6 kwa 7 kimepigiliwa kwenye benchi, na ringi isiyoingia humo haihesabiwi kwenye malipo. Vitegemeo vya kushikilia nondo tunavifinyanga wenyewe kwa saruji, sentimita 4. Vipande vya mawe ya matumbawe havifai kwa kazi hiyo kwa sababu vina vitundu na hunywa maji.

Kabla ya kumwaga, waya wa mabati wa milimita 4 huzungushwa kwenye nondo kila mita moja na nusu na kuachwa ukining'inia juu. Huo ndio utakaofunga paa. Kwenye ukuta mrefu, waya hupandishwa ndani ya kiungo cha wima hadi juu.

Aprili: paa, na mvua iliyotangulia

Zile siku tisa zilituponza. Masika yalipoingia, nyumba mbili zilikuwa na bati na mbili hazina. Vichwa vya kuta vilifunikwa kwa nailoni na hakuna tofali lililoharibika, lakini sakafu ya kifusi iliyokuwa imeshindiliwa kwenye nyumba ya nne ilitota na kushuka sentimita 3 pembeni. Imechimbuliwa na kushindiliwa upya kwa tabaka za sentimita 10.

Makuti yalijadiliwa sana. Ni baridi, yanapatikana, na kila mtu anajua kuyashona. Lakini huomba kubadilishwa kila baada ya miaka michache, nyumba za kwenye viwanja vya futi 40 kwa 50 zimekaribiana kwa moto, na maji yake hayafai tangini. Tumetumia mabati ya geji 28, ya kukatwa kwa urefu: 10 ya mita 4.2 kwa nyumba, kila moja likianzia juu hadi chini bila kiungo katikati. Geji 30 huuzwa zaidi madukani, ila hewa ya bahari huitoboa mapema, hasa kwenye misumari.

Kenchi ni za mvinje, maana wakulima wa huku wanaupanda kwa wingi na boriti za mikoko zina vibali na safari ya kutoka Lamu. Mvinje mbichi huliwa na wadudu. Miti ilimenywa maganda siku ileile ya kukatwa, ikakaushwa kivulini wiki sita, kisha ikazamishwa kwenye maji ya boraksi: kilo 3 za boraksi na kilo 2 za asidi ya boriki kwa lita 100. Dawa hii huoshwa na mvua, kwa hiyo inafaa miti iliyo chini ya bati tu. Ncha zinazochungulia nje zimepakwa lami.

Joto la bati limepunguzwa kwa mwanya wa sentimita 12 chini ya ukingo wa juu, wenye waya wa mbu, ili hewa moto itoke. Mtu alipendekeza kupaka bati chokaa. Kweli hupooza, lakini mvua ya kwanza huipeleka yote tangini.

Paa moja linafunika mita za mraba 28. Mvua ya milimita 10, ukitoa inayopotea, inaleta kama lita 220. Mtungi wa kwanza wa lita 40 hupokea maji machafu ya mwanzo na kuyamwaga kando.

Mei: vyoo

Shimo la kawaida halikubaliki juu ya matumbawe. Jabali lina nyufa na mapango madogo, na maji ya choo hukimbia humo bila kuchujwa hadi kwenye visima. Tumejenga vyumba viwili vya kupokezana juu ya ardhi, sakafu ya zege, kuta zilizopigwa plasta ndani. Kimoja kinatumika huku cha pili kikikauka. Majivu baada ya kila matumizi. Kuta ndizo zile tofali zenye nyufa za Januari.

Juni: hesabu ya nyumba 4

Saruji kwa nyumba moja: matofali 18, zege la msingi 7, mawe ya msingi 4, kujengea 5, mkanda 3, sakafu 9, plasta ya nje 1. Jumla mifuko 47. Ukuta unaoonekana, tofali na viungo vyake, umekula 23, chini ya nusu. Vikundi vingi huja kuuliza habari za mashine ya tofali. Wangeuliza kwanza habari za sakafu na msingi, ambako sentimita moja ya ziada hulipwa nyumba nzima.

Plasta ya nje imewekwa kimo cha sentimita 60 tu, kuzuia maji yanayoruka kutoka ardhini. Juu ya hapo ni chokaa ya kupaka, inayouacha ukuta upumue.

Nyumba ya tatu ina ufa wa wima kwenye pembe ya kaskazini-mashariki, juu ya mkanda, upana wa milimita 1. Tumegandisha kipande cha kioo juu yake kwa plasta na kuandika tarehe. Kioo kikivunjika, msingi unashuka na pembe hiyo itachimbwa. Kikibaki kizima hadi Septemba, ni tofali zilizojengwa kabla ya kutimiza siku 28, na ufa utazibwa. Hadi leo ni kizima. Udongo wa nyumba ya tano hadi ya nane umeanza kupimwa. Sanduku la kwanza limetoa milimita 19.